Malori yaninyima usingizi, mume wangu asema nitazoea

Assalaam aleikum Somo,

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya mawe ya babu, ambapo usiku kelele kubwa kabisa ilikuwa paka wakipigana juu ya mabati. Niliolewa Changamwe, na mwaka jana baada ya Idi tukapata nyumba tunayokaa sasa, ghorofa ya pili, kando kabisa ya barabara ya malori. Mume wangu anafanya kazi yadi ya kontena, zamu za usiku na za mchana, na kutoka hapa anakwenda kwa miguu. Kodi nayo ni nafuu. Siku tuliyokwenda kuiangalia ilikuwa Jumapili asubuhi, barabara imetulia, upepo unaingia balkoni, nikasema alhamdulillahi, tumepata.

Chumba chetu cha kulala kiko mbele na chini ya dirisha lake kuna tuta la barabarani. Trela zenye kontena zinapunguza mwendo, zinashusha gia, zinapanda, kisha zinaguruma kuondoka. Hizo afadhali. Zile tupu zinazorudi bila mzigo, zikiruka tuta ni kama mtu kamwaga masufuria ya harusi kwenye ngazi. Saa nane za usiku, saa tisa. Kabla ya alfajiri matatu zimeanza, makanga wanagonga mabodi na kupiga honi, maana steji iko hatua chache tu. Tuktuk na boda usiseme. Sebule yetu iko nyuma, inatazama kichochoro na kamba za nguo za jirani, na huko ndiko kunakoweza kusikika mtu akizungumza.

Mume wangu analala usingizi wa pono. Lakini kliniki ya kazini walimpima presha wakamwambia iko juu kidogo, arudi. Yeye asema ni chumvi. Mtoto wetu yuko Gredi ya 2, kazi za shule anafanyia balkoni kwa sababu ndani joto. Mwalimu ameniita, asema kwenye imla mtoto anachanganya maneno: akisomewa "pata" aandika "bata". Na nyumbani hasemi, anapayuka, hata akiomba maji.

Mimi mwenyewe nimekuwa mkali. Juzi kamwaga uji nikamgombeza hadi kajificha chini ya meza, na uji wenyewe hata haukujaa kikombe. Nimeanza kumeza vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Napata kulala, asubuhi kichwa kizito.

Mavyaa yangu, aliyekaa Changamwe maisha yake yote, asema mimi mtoto wa mjini nadeka, nitazoea. Nikataka mtoto akakae kwa mama yangu Kuze, mume wangu hataki kulisikia. Somo, mwili huzoea kweli? Au mimi ndiye nina kasoro? Tuhame, na dipoziti tumeshalipa, au nivumilie?

Mke asiyelala, Changamwe

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Hudeki. Nianze hapo, maana naona neno hilo linakuumiza kuliko hata malori.

Mavyaa yako hakukudanganya, ila kakwambia nusu. Mtu aliyekaa kando ya barabara miaka mingi haamki tena lori likipita, na asubuhi atakuapia kuwa kalala vizuri. Lakini watafiti wakimfunga vipimo usiku huona mambo mengine: lori linapita, mapigo ya moyo yanaongezeka, mishipa inabana, presha inapanda kwa muda, na usingizi uliokuwa mzito unarudi kuwa mwepesi. Mwenyewe hana habari. Ubongo uliolala bado unasikiliza, na mlio wa ghafla unauchukulia kuwa hatari, basi mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli kana kwamba kuna wa kukimbia au kupigana. Mara moja moja hakuna neno. Kila usiku kwa miaka, ndipo presha ya kudumu na maradhi ya moyo hupata njia.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kelele za usafiri katika nchi za Ulaya Magharibi peke yake zinawapotezea watu miaka ya afya isiyopungua milioni 1 kila mwaka, sehemu kubwa kwa sababu ya usingizi uliovurugwa. Na hao ni watu wanaofunga madirisha kwa baridi! Sisi wa pwani tunalala madirisha wazi.

Kwa hiyo mumeo anayelala usingizi wa pono na huku presha iko juu, mimi sioni kuwa mambo hayo mawili yanapingana. Sisemi ni malori. Chumvi inaweza kuwa chanzo, na zamu za usiku zenyewe huvuruga mwili. Lakini aliambiwa arudi, na wewe hukuniambia kama alirudi. Arudi.

Nikupe hesabu kidogo, maana najua utahitaji kuieleza nyumbani. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara 10, na sikio huisikia kama imekuwa kubwa maradufu. Watu wakizungumza kawaida ni kama 60. Lori zito likikupita karibu laweza kufika 85 na zaidi. Shirika hilohilo la afya, katika mwongozo lililotoa mwaka 1999, lilitaka chumba cha kulala kisizidi wastani wa 30 usiku. Sasa tuseme mlio unaofika kwenye ukuta wenu ni 80. Dirisha lililo wazi hupunguza desibeli 10 hadi 15 tu. Kwenye mto wako wa kulalia zinafika 65 au 70, yaani zaidi ya mtu aliyeketi kitandani akikuzungumzia, na anafanya hivyo kila trela inapopita.

Mwili haushtuliwi na wastani tu. Unashtuliwa na tofauti kati ya kimya na mlio. Ndiyo maana trela moja ya saa nane za usiku inakuumiza kuliko msongamano mzima wa saa kumi na moja jioni. Trela tupu haina uzito wa kukandamiza springi, basi minyororo, kufuli za kontena na chuma chote vinarukaruka. Wala usidhani mwendo wa polepole unasaidia sana kwa magari hayo: gari dogo likienda kasi kelele yake kubwa ni ya matairi, lakini lori likienda taratibu ni injini inayoguruma, na kupanda tuta ndipo inapoguruma zaidi. Ongeza maghorofa pande zote mbili za barabara, sauti inagonga ukuta huu na kurudi ule.

Sasa mtoto, na hapa nataka uharakishe. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Cohen, Glass na Singer, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto waliokaa katika maghorofa marefu ya New York yaliyojengwa juu kabisa ya barabara kuu. Ghorofa za chini zilikuwa na kelele nyingi, za juu zilikuwa na kelele kidogo. Watoto wa chini, hasa waliokaa hapo miaka mingi, walikuwa dhaifu zaidi kutofautisha maneno yanayokaribiana kwa sauti, na katika kusoma walikuwa nyuma ya wenzao wa juu. Tatizo halikuwa masikio kuharibika. Mtoto anayeishi ndani ya kelele hujifunza kuipuuza, na katika kuipuuza huyapuuza maneno ya watu pia. Mwaka 1975 Bronzaft na McCarthy wakaonyesha jambo la namna hiyo katika shule ya mji huohuo iliyokuwa kando ya reli ya juu: madarasa ya upande wa treni yalikuwa nyuma kwa kusoma. Reli ikatiliwa mipira, dari za madarasa zikawekwa vifaa vya kumeza sauti, na baadaye tofauti ile haikuonekana tena.

Umeona kwa nini "pata" na "bata" zimenishtua? Hata hivyo inaweza kuwa umri tu, na inaweza kuwa nta. Mpeleke apimwe masikio kwanza, hilo halina mjadala. Kisha mwondoe balkoni leo hii. Kazi za shule zifanyiwe sebuleni, televisheni imezimwa, feni inamwelekea. Umsomee kwa sauti ya kawaida, umemtazama usoni, aone midomo ikitofautisha p na b. Akipayuka usimjibu kwa kupayuka. Msogelee umjibu taratibu. Watoto hupandisha sauti kwa sababu nyumba imepandisha.

Kuhusu Kuze, naelewa kwa nini mumeo kakataa. Ukimwambia mwanamume "mtoto akakae kwa mama yangu" yeye husikia "nyumba yako haimfai mtoto". Omba Ijumaa jioni hadi Jumapili, akamsalimie bibi. Hilo hakuna baba wa Mombasa atakayelikataa, na mtoto atapata usiku mzuri wa kulala.

Sasa dawa kubwa, na haigharimu kitu ila jasho la kubeba kitanda. Geuzeni nyumba. Sebule ije mbele, kitanda kiende nyuma, cha mtoto pia. Upande wa nyumba usiotazama barabara mara nyingi hupungukiwa na desibeli 10 hadi 20, na umeshaona maana ya 10. Mavyaa yako atasema sebule yenye kelele ni aibu kwa wageni. Wageni wataondoka, nyinyi ndio mnaolala humo. Mkiona wageni hawasikilizani, wapitisheni nyuma. Si vibaya watu kunywa kahawa karibu na kitanda kilichotandikwa vizuri.

Usitie pesa kwenye mapazia mazito, fundi akikwambia yanazuia sauti mwambie akalale kwako usiku mmoja. Kinachozuia sauti ni uzito na kutokuwa na mwanya. Ndiyo siri ya nyumba ya babu yako: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, daka, yaani ukumbi wa mlangoni, mbele, na watu wanalala ndani kabisa. Nyumba zetu za sasa ni tofali jembamba na dirisha la luva, na luva hata ukizifunga zinabaki na nyufa. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu, bora mbao nzito inayofunika dirisha la mbele usiku na mpira wa kuziba nyufa za mlango kati ya mbele na nyuma. Kabati kubwa la nguo liegemee ukuta wa barabarani. Itasaidia kidogo tu, lakini kabati lazima likae mahali.

Joto najua. Miezi ya kusi, Mei hadi Agosti, mtaweza kufunga upande wa barabara na kuacha nyuma wazi. Januari hadi Machi mtataka upepo, na hapo feni ndiyo mwenzenu. Mvumo wake usiobadilika hufunika kelele ndogondogo, makanga wa mbali kwa mfano. Kelele ya trela haitafunikwa.

Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana duka la dawa na maduka ya vifaa vya usalama kazini. Huenda mumeo anapewa yadi. Vikiingizwa sawasawa hupunguza sana. Vimfae yeye hasa akilala mchana baada ya zamu ya usiku, kwa kuwa wewe upo macho. Nyote wawili msivivae usiku mmoja ilhali kuna mtoto mdogo, na mtoto asivishwe. Vibadilishwe, maana vichafu huleta maradhi ya sikio.

Vidonge vya mafua acha. Usingizi wake unakokota hadi mchana, ndicho hicho kichwa kizito, na havizuii moyo kushtuliwa na lori. Ikiwa baada ya kugeuza nyumba bado hulali, mwone daktari umwambie ulivyoniambia mimi.

Kuhusu ukali wako. Uko utafiti mmoja wa mwaka 1975, wa Mathews na Canon, ambao huusimulia kila nikipata nafasi. Mtu aliangusha vitabu njiani na mkono wake umefungwa plasta, watafiti wakatazama nani atamsaidia. Palipokuwa kimya wengi waliinama. Palipokuwa na mashine ya kukata nyasi inanguruma karibu, wengi walipita. Ni watu walewale wa mtaa mmoja. Kelele huwafanya watu wasiangaliane. Uji uliomwagika ulikutana na mwanamke asiyelala, si na mama mbaya. Muombe mtoto radhi, watoto hawawanyimi wazazi wao.

Mumeo usimwendee na habari ya kudekadeka wala ya Kuze. Mwambie hivi: "Nataka tugeuze vyumba mwezi mmoja, na wewe upimwe presha mwanzo na mwisho." Mtu wa yadi anaelewa kazi yenye tarehe ya kumalizika. Hata presha isiposhuka, kitanda kitakuwa kimeshazoea nyuma.

Umeniuliza kuhama na kuvumilia, hukuniuliza sheria, lakini nikuambie maana wasomaji wengine wa barabara hiyo watataka. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999. Nje ya nyumba za makazi zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni idara ya mazingira ya kaunti, wa pili ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Tusidanganyane, hakuna afisa atakayesimamisha malori ya bandari. Mkate wa mumeo umo ndani ya kontena hizo, na wa nusu ya Changamwe. Lakini steji yenye honi za kuita abiria alfajiri, matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, lori linaloachwa linaunguruma usiku kucha dereva kalala: hayo yana wenyewe na yana nambari za usajili. Andikeni tarehe, saa na nambari. Simu yako inaweza kuwekwa programu ya kupima desibeli. Si kipimo cha mahakamani, lakini afisa akionyeshwa hukusikiliza tofauti. Barua isainiwe na jengo zima, mpitie kwa Nyumba Kumi au chifu. Barua ya mwanamke mmoja wataiita kudeka, wameshaanza.

Tuta, majirani watakwambia ling'olewe. Usisaini. Limewekwa kwa sababu watoto wanavuka hapo, na trela isiyopunguza mwendo ni msiba. Ombeni mamlaka ya barabara mashimo yanayolizunguka yazibwe, na lichongwe liwe pana na la mteremko mpole. Gari linalopanda polepole bila kudunda hutoa mlio mdogo kuliko linaloruka.

Na kuhama? Si mwezi huu. Kwanza muulize mwenye nyumba huyohuyo kama ana nyumba ya upande wa nyuma inayokaribia kuachwa, dipoziti ihamie huko bila kulipa upya. Ikishindikana, tafuteni safu ya pili ya majengo katika mtaa huohuo, mumeo aendelee kwenda kazini kwa miguu. Jengo zima likiwa kati yenu na barabara ni ukuta msiolipia. Na safari hii msiende kuangalia nyumba Jumapili asubuhi. Nendeni usiku wa katikati ya wiki, msimame chumbani taa imezimwa, dirisha wazi, mpaka lori la tatu lipite.